Nilivyokaa Mlangoni kwa Mkwe Wangu, Port Victoria

Ulikuwa ule mwaka tuliokula samaki wa China. Ziwa liko pale, ukisimama kwangu Kisian unaliona, na sisi tunanunua samaki waliokuja kwa meli ndani ya katoni, wagumu kama soli ya kiatu. Unga wa mahindi ulipanda tukauchanganya na wa muhogo, ugali ukavutika kama gundi. Asiyeweza hata huo alikula nyoyo, mahindi na maharagwe, asubuhi na jioni, mpaka matumbo ya watu yakajibu maombi kanisani kabla ya pasta kusema amina. Tarehe siziweki. Aliyekula anaujua mwaka huo.

Sababu ya kuondoka ilikuwa titi. Mjukuu wangu Awino, mtoto wa kifungua mimba wangu, alipata kazi ya kwenda nyumba kwa nyumba kuwauliza wanawake maswali. Alikuwa na mtoto wa miezi minane, Hawi, ambaye hakutaka chupa, alitaka mama yake tu, na katikati ya titi na titi alitaka mgongo wangu. Awino akaja akaniambia, "Dani, usipokuja nami, kazi hii nimeikosa." Dani ndiyo nyanya. Mimi niliacha shule darasa la nne, lakini huyu amevaa joho chuo kikuu, na siku ile nilipiga vigelegele mpaka askari wa getini akaniomba nipumzike. Nitakataaje? Nikafunga leso tatu, sufuria ndogo ya uji, na unga wa wimbi.

Sababu ya pili sikumwambia mtu. Kitinda mimba wangu, Akoth, ameolewa Port Victoria, na kazi ya Awino ilikuwa inakwenda hukohuko. Mumewe anaitwa Odhiambo, fundi wa injini za mashua. Ana mkono mwepesi. Akoth alikuwa amenikimbilia mara mbili. Mara ya kwanza shavu limevimba, mara ya pili mkono uko kwenye plasta. Mara zote mbili wazee wa Odhiambo walikuja, wakaomba radhi, wakanywa chai, nami nikamwambia Akoth achukue mfuko wake awafuate. Mimi mwenyewe mama yangu alinirudisha hivyo, na mama yake alimrudisha hivyo. Lakini tangu mara ya pili Akoth hakuja tena, na simu yake ikipigwa inapokewa na mume. Nilitaka nimwone kwa macho yangu mwenyewe.

Kisumu, siku nne za kwanza. Wasichana wa kazi walifundishwa katika ukumbi wa kanisa, si mbali na ziwa. Dirishani unaona gugu maji limejaa kijani kama shamba, na ndege wanatembea juu yake kwa miguu. Mimi nilikaa kiti cha nyuma na Hawi. Mwalimu alikuwa mama mnene wa sauti ndogo. Alisema, "Msimuulize mwanamke kama amedhulumiwa. Atawaambia hapana, nanyi mtaandika hapana. Muulizeni kitendo kimoja kimoja."

Akaanza kuvitaja polepole, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya duka. Amekuzaba kofi? Amekusukuma? Amekutupia kitu? Amekuvuta nywele? Amekupiga ngumi, teke, amekuburura? Amekukaba? Amekulazimisha kitandani?

Sasa, marehemu mume wangu, Kisian nzima inajua hakuwa mtu wa kupiga. Mimi ndiye niliyewaambia. Mwalimu aliposema kofi, nikakunja kidole. Kusukuma, kidole. Kutupiwa kitu, hicho ni kiti, nacho kilivunjika mguu, tukakitumia hivyohivyo miaka mingi. Nywele hapana, nilikuwa nanyoa. Teke, kidole. Nilipoutazama mkono wangu, kilichobaki kimesimama ni kidole gumba. Nikaukunjua haraka, nikampangusa Hawi pua.

Wakati wa chai nilimfuata mwalimu. "Mwalimu, mwanamke akipigwa kwa sababu amekosea, hiyo mnaiandika wapi?"

Awino akatazama chini ya meza.

"Mama, hakuna mahali pa kuandika kosa lake," mwalimu akasema. "Tunaandika mkono wa mwanamume ulifanya nini."

"Kwa hiyo mke mwema na mke mbaya mnawahesabu sawa?"

"Sawa."

"Basi mtajaza vitabu."

Akacheka. "Ndiyo maana tumewapa simu badala ya vitabu." Kisha akanieleza kwamba maswali hayahaya yanaulizwa nchi nyingi za dunia, kwa mpango uleule, ili hesabu za huku na za kule ziweze kuwekwa pamoja, halafu serikali isiseme haijui ianzie wapi kuzuia. Mimi nilikuwa nikidhani ngumi ni za watu wa ziwa, kwa sababu ya kula samaki. Kumbe hata huko wanakokula mkate wanapigana.

Sheria za kazi nilizishika zote, maana nilizisikia siku nne. Mlangoni unasema umekuja kwa ajili ya afya ya wanawake, hutaji kupigwa. Nyumba inatolewa kwa bahati nasibu, na mwanamke mmoja tu ndani yake. Lazima awe peke yake. Mtu akiingia, hata mama mkwe, unageuza maneno haraka, unauliza habari za uji na neti ya mbu. Ndugu yako humuulizi wewe, anaulizwa na mwenzako. Na ulichosikia hakimwendei mtu yeyote, hata mama aliyemzaa.

Bondo, saa sita mchana. Tulipita na gari la kazi, wasichana watano, dereva, mimi na Hawi. Awino akamwambia dereva apite polepole mbele ya chuo, nami nikamwonyesha Hawi: "Hapo ndipo mama yako alipovaa joho." Nekesa, msichana wa Bungoma aliyekaa nasi, akasema, "Dani, hiyo umeshatuambia Kisumu, na ukatuambia tena Kisian."

"Na nitakwambia tena Port Victoria. Wewe wako amevaa?"

"Wangu bado hajazaliwa, Dani."

"Basi nyamaza mpaka azaliwe."

Tukala ugali na sukuma, tukaendelea. Baada ya Usenge barabara inaingia kwenye kinamasi cha Yala, mafunjo pande zote yamezidi urefu wa gari, na kuna harufu ya matope na moshi wa watu wanaochoma nyasi. Alasiri tukafika.

Port Victoria. Tulilala kwa Consolata, mjane anayeanika omena kwenye nyavu kuukuu uwanjani kwake. Nyumba yake inanuka omena, chai yake inanuka omena, hata Biblia. Ni mtu mkarimu. Jioni ile nilimuuliza kama anamjua Akoth, mke wa fundi wa injini.

"Namjua. Ni wako?"

"Wangu."

Akageuza omena kwa muda. "Siku hizi haji ufukweni. Kanisani anakaa nyuma, anatoka kabla ya baraka. Kwa nini usiende kwake? Ni hapo tu, mlango wa bati la buluu."

Swali hilo ni la mtu aliyesahau mila. Mimi kwa mkwe wangu siingii kama mbuzi. Natuma neno, naenda na wamama wenzangu tumevaa vizuri, napokewa, nachinjiwa kuku, na kabla jua halijashuka naondoka. Silali pale. Simtazami mkwe wangu akila, wala yeye hanitazami mimi. Tukikutana njiani mmoja anaingia majanini. Anaponiita Maro, jina la mama mkwe, analisema akitazama pembeni. Hivyo nilikaa siku tano karibu na mtoto wangu, mlango wa buluu nauona, na sikuenda.

Siku za kazi zilikuwa hivi. Awino anaingia nyumbani, mimi nabaki uani na Hawi, na kila ua una mama mkwe anayetaka kujua kinachosemwa ndani. Nilipewa kazi hiyo bila kuandikwa. Nilimwuliza kila mama mkwe habari za magoti yake. Mwanamke wa umri wangu ukimuuliza habari za magoti, hasimami tena.

Hapo ndipo nilipojifunza kupima. Awino hakuniambia neno hata moja, na sikumuuliza. Lakini mwanamke akijibu hapana, hapana, hapana, maswali yanakwisha kabla Hawi hajaanza kusinzia. Akijibu ndiyo, kila ndiyo inafungua maswali mengine: mara ngapi, lini, uliumia, ulimwambia nani. Kuna nyumba ambazo Hawi alisinzia, akalala, akaamka, akala uji, na mlango bado umefungwa. Nikaanza kuziita nyumba ndefu na nyumba fupi.

Nyumba fupi si lazima iwe nzuri. Siku ya tatu mwanamke mmoja alitoka amefunga kitambaa mpaka usoni, jicho moja halifunguki, na Awino alikuwa amekaa naye muda wa kumenya viazi viwili. Yule alikataa yote. Nilimwona Awino njiani akitembea haraka mbele yangu, na sikumsumbua. Hesabu yao inachukua wanachopewa. Waliobaki midomo imefungwa hawamo.

Siku ya mwisho ya kazi, saa nne asubuhi. Simu ya bahati nasibu ikatoa mlango wa bati la buluu. Awino hakuweza kuingia, Akoth ni shangazi yake, kwa hiyo akaenda Nekesa. Sisi tukakaa kando ya barabara kwenye kibanda cha mwuza maandazi. Haukupita muda Nekesa akarudi, amekunja uso.

"Yuko mume. Hataki kutoka. Anasema hii ni nyumba yake, na maswali ya afya naye anayataka. Nimeuliza habari za neti mpaka neti zenyewe zimechoka."

"Na Akoth?" nikauliza.

"Dani, siruhusiwi kukwambia chochote."

"Nimekuuliza yuko vipi, sijakuuliza alichosema."

Nekesa akamtazama Awino. "Anakaa upande mmoja," akasema.

Anakaa upande mmoja. Mimi nimewahi kukaa upande mmoja, najua ni nini. Nikamfunga Hawi mgongoni. Awino akasema, "Dani, unaenda wapi?" Nikavuka barabara, bila neno lililotumwa, bila wamama wenzangu, na leso ya kulea iliyomwagikiwa uji. Nikaingia boma la mkwe wangu. Tangu nizaliwe sikuwahi kufanya aibu kama hiyo mchana.

"Hodi!"

Ndani kiti kikaanguka. "Maro! Ni Maro!" Nikasikia mlango wa nyuma unagonga ukuta. Mtu mzima, mabega kama mlango wa kanisa, alipita kwenye mahindi yake mwenyewe akiyavunja ili asikutane nami uso kwa uso. Nekesa akaingia nyuma yangu. Mimi nikakaa chini kizingitini, nikanyoosha miguu ikaziba mlango wote, nikampakata Hawi. Akoth alikuwa kwenye kona ya kochi. Nilimwona. Sikusema naye.

"Fanyeni kazi yenu," nikasema, nikawageuzia mgongo.

Baadaye sauti ikatoka nyuma ya ua wa minyaa. "Maro, mbona hukutuma neno? Ningechinja kuku."

"Kuku aishi. Nimekuja kupumzisha miguu."

"Utakaa sana?"

"Miguu ni mizee, mkwe wangu."

Kisha, "Maro, nilikuwa na simu yangu hapo mezani."

"Iko salama. Njoo uichukue."

Hakuja. Anawezaje? Angenivuka miguu, na mlango wa nyuma Nekesa alikuwa ameshaufunga kwa komeo. Majirani wawili walipita, wakasimama, wakacheka chinichini. "Fundi, mbona unaongea na minyaa?" Akawaambia waende zao.

Hawi akasinzia. Akalala. Kivuli cha paa kikaniacha kikaingia ndani. Ndani sauti ya Nekesa ilikuwa ikiuliza, ndogo, na ya Akoth ikijibu, ndogo zaidi, maneno sikuyapata na sikuyataka. Hawi akaamka, akalia, akala uji, akachezea pindo la leso, akalala tena. Katika siku zote tano hapakuwa na nyumba ndefu kama hiyo. Nikazihesabu zile ndiyo kwa urefu wake. Nikahesabu pia ngapi kati ya hizo zilitokea baada ya mimi kumwambia achukue mfuko wake awafuate wazee.

Nekesa alipomaliza alimpa Akoth karatasi yenye namba za zahanati na za msaada, akatoka akipangusa uso kwa mkono wa shati. Ndipo nikageuka.

"Akoth, unataka nini?"

Alinitazama kama niliyemsemesha Kichina. Hilo swali hakuna aliyewahi kumuuliza, mimi wala wazee. Akafikiri.

"Nataka kwenda na wewe, Mama. Lakini watakuja tena. Kama utanirudisha, afadhali uniache hapahapa leo. Nikirudishwa ndiyo inakuwa mbaya zaidi."

"Chukua mfuko wako," nikasema. Maneno ni yaleyale niliyomwambia zamani, na niliona mwili wake ukishtuka. Nikaongeza, "Tunaenda Kisian."

Tulitoka kwa mlango wa mbele. Nilitangulia mimi. Odhiambo alikuwa amesimama kwenye lango, na nilipopiga hatua alirudi hatua, nikipiga nyingine anarudi nyingine, macho pembeni, akisema, "Maro, hivi sivyo. Maro, tuzungumze." Nilimsukuma hivyo bila kumgusa mpaka tukafika barabarani, naye akaishia ndani ya mtaro.

Kurudi. Asubuhi tukapakia gari. Consolata alimpa Akoth kikapu cha omena na hakumuuliza kitu. Bondo tulisimama hospitalini, kwa sababu Akoth hakuweza kupumua gari likiruka shimo. Daktari alikuwa msichana wa umri wa Awino. Akauliza nani amefanya hivi, Akoth akasema, "Mume wangu," mbele yangu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja kata yake. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika. Mmoja ulikuwa umevunjika zamani, ukaunga vibaya wenyewe. Daktari akaandika yote, akatupa nakala tuihifadhi vizuri.

Wamama wa kikundi chetu hapa Kisian wameniambia niandike niliyojifunza. Ni machache. Sikujua kwamba kofi lililosahauliwa linahesabika. Sikujua kwamba mtu anaweza kuulizwa anataka nini. Na wale wanaotafuta mahali pa kuanzia kuzuia, mimi nawaonyesha mmoja: mama wa msichana, siku wazee wanapokuja. Mimi nilikuwa hapo mara mbili, nikashika upande wa wazee.

Kisian, Jumapili baada ya kanisa. Wakaja. Mzee Ochieng, baba mdogo wa Odhiambo, na wenzake wawili wenye kofia. Odhiambo alibaki getini kwa ajili yangu. Shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, aliitwa aje kukaa nao kama mwanamume wa boma. Nikaweka chai na mkate. Akoth alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia. Nilijua amekaa kitandani na mfuko magotini, maana ndivyo alivyokaa zile mara mbili, akinisikiliza.

Mzee Ochieng akakohoa. "Mama Akoth, kijana amekosa, na anakubali amekosa. Tumekuja kumchukua mke wetu."

"Akoth harudi," nikasema. "Kunyweni chai, muende."

Shemeji yangu akaweka kikombe chini. "Shemeji, hebu ngoja. Wazee wametoka mbali."

"Ndiyo maana nimepika chai."

"Mama," Mzee Ochieng akasema, bado kwa upole, "wewe unaijua mila. Binti aliyeolewa hana kaburi kwa baba yake. Akifia hapa, utamzika wapi? Nje ya ua, kama mgeni?"

Hilo ndilo swali lililomshinda mama yangu. Mimi pia lilinishinda mara mbili, na wao walijua. Wote wakatazama chai.

"Mzee," nikasema, "umeniuliza atazikwa wapi. Hakuna aliyeniuliza atalala wapi leo. Atalala hapo, kitanda changu ni kipana. Kaburi tutalitafuta akizeeka. Kwenu alikuwa analitafuta mapema."

Mmoja wa wenye kofia akasonya. Shemeji yangu akasema kwa sauti ya chini, "Watu watasema umevunja nyumba ya mtoto wako."

"Waseme. Karatasi ya daktari inataja kilichovunjika."

Mzee Ochieng akasimama, akashika fimbo yake, akatazama pazia, kisha akanitazama mimi. "Mama Akoth, nakuuliza mara ya mwisho mbele ya hawa. Nimwambie nini kijana pale getini?"

"Akoth harudi. Kunyweni chai, muende."